Koyoti Anajifunza. Swali Ni: Nani Alimfundisha?

Kama ulikua ukitazama katuni, unamjua Wile E. Coyote. Yule jamaa mwembamba, mwenye njaa, anayemfukuza ndege jangwani na kila siku anaanguka kutoka juu ya mwamba. Chuck Jones na wenzake walimtoa mara ya kwanza mwaka wa 1949, na tangu hapo kichekesho ni kimoja tu: koyoti hajifunzi. Roketi ikimlipukia leo, kesho anaagiza nyingine.

Sasa shika hii. Miaka hiyohiyo, serikali ya Marekani ilikuwa inatega mizoga yenye sumu kwenye nyika na milima ya magharibi, ikijaribu kummaliza koyoti halisi. Na ilikuwa inashindwa. Zilikuwepo sababu nyingi, lakini moja ni hii: koyoti halisi anajifunza, tena vizuri sana. Katuni ilitudanganya.

Kuna watu huniuliza, wewe uliyeacha kampasi, historia ya mnyama wa Marekani inakuhusu nini? Inanihusu sana. Hii ni story ya serikali yenye pesa, sheria na maabara dhidi ya mnyama ambaye mara nyingi hafikishi kilo 20. Hakuna aliyempeleka darasani. Na bado yuko, tena yuko kwingi kuliko alipoanza. Ukitaka kuelewa vile maarifa hupita kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo bila cheti chochote, anzia hapa.

Kwanza, huyu ni nani?

Koyoti ni ndugu wa mbwa, na kwa umbo anakaribiana na bweha wetu. Jina lake limetoka kwa watu wa Mexico ya zamani waliozungumza Kinahuatl, waliomwita coyotl. Kwa wenyeji wengi wa Amerika, Wanavajo wakiwa miongoni mwao, Koyoti ni mhusika wa hadithi: mjanja, mlafi, mara anawashinda wakubwa, mara anajiponza mwenyewe. Yaani ni kama Sungura wa hadithi za nyanya zetu. Hao watu waliishi naye maelfu ya miaka.

Wazungu walipofika nyika za kati walimwita mbwa mwitu wa nyika. Mwaka wa 1823 mwanasayansi Thomas Say akamwandika rasmi kwa jina la Canis latrans, mbwa anayebweka. Halafu wakaja wafugaji na kondoo wao, na hapo ndio shida ilianza.

Vita vyenyewe

Mwaka wa 1915 bunge la Marekani lilitenga dola 125,000 za kuua wanyama wanaokula mifugo. Kazi ikapewa idara iliyoitwa Bureau of Biological Survey. Mwaka wa 1920 wakafungua maabara huko Albuquerque, na mwaka uliofuata wakaihamishia Denver. Unajua iliitwaje? Eradication Methods Laboratory. Yaani maabara ya mbinu za kumaliza kabisa. Hakuna mtu aliona haya kuandika hilo jina mlangoni. Mwaka wa 1931 Rais Hoover akatia sahihi sheria iliyoruhusu dola milioni 1 kila mwaka kwa miaka 10 kwa kazi hiyo.

Adui wa kwanza alikuwa mbwa mwitu mkubwa wa kijivu, na huyo walimweza. Ndani ya Yellowstone, ambayo ni hifadhi ya taifa, wale wa mwisho waliuawa mwaka wa 1926. Baada ya hapo macho yote yakamgeukia koyoti.

Silaha ya kwanza ilikuwa striknini, sumu chungu inayofanya kazi haraka. Fikiria kidogo. Sumu ya haraka ina tatizo moja: inamwachia aliyenusurika somo lililo wazi. Ukila nyama mahali fulani, ikawa chungu, na dakika chache baadaye unatetemeka, ukipona hutarudi. Wategaji walilalamika kwamba koyoti wengine walianza kupita kando ya chambo bila kugusa. Miaka ya 1940 ikaja sumu nyingine, iliyoitwa 1080. Hiyo haina harufu wala ladha ya kumshtua mnyama, na inachelewa. Anakula, anaondoka zake, anafia mbali. Yaani sumu mpya ilifuta somo. Hapo utaona walikuwa wanapigana na mwanafunzi.

Na kulikuwa na bunduki za saianidi, mabomba madogo yanayochomekwa ardhini na kupakwa harufu tamu. Mnyama akivuta kwa meno, sumu inamrukia mdomoni.

Wakati huohuo, mtaalamu mmoja anaitwa Adolph Murie alitumwa Yellowstone kuchunguza koyoti wanakula nini. Mwaka wa 1940 akachapisha majibu: wanakula panya na wanyama wadogo wa aina hiyo kwa wingi, na hawamalizi wanyama wakubwa vile watu walidhani. Sumu haikusimama.

Sauti ya sungura anayekufa

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo wawindaji wa huko hubishania hadi leo: je, koyoti hujifunza kukwepa miito yao?

Mwito ni hivi. Sungura akishikwa, hulia. Ni sauti mbaya, kama mtoto anayelia usiku. Kwa koyoti, hiyo sauti maana yake ni chakula cha bure, wahi kabla mwingine hajafika. Mwindaji anajificha, anaiga hiyo sauti, koyoti anakuja mbio, bunduki inalia. Zamani watu waliiga kwa mdomo na viganja. Miaka ya 1950 ndugu wawili wa Texas, Murry na Winston Burnham, wakawa maarufu kwa kuuza vifilimbi vya kazi hiyo. Jamaa mwingine wa Waco, hukohuko Texas, anaitwa Johnny Stewart, akarekodi sauti halisi za wanyama na kuziuza kwenye sahani za santuri. Leo ni spika ndogo yenye mamia ya sauti, unaiweka kwenye nyasi, unakaa mbali na rimoti mkononi.

Kwani kama filimbi ya sungura ingeendelea kufanya kazi milele, nani angehitaji mamia ya sauti? Hicho kifaa chenyewe ni ushahidi. Mwindaji ananunua sauti mpya juu ile ya zamani imezoeleka. Leo sungura, kesho ndege, kesho kutwa mtoto wa koyoti anayelia.

Lakini tusikimbilie kusema tu "wamejanjaruka". Nikisoma hili jambo naona kuna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya na kuviita kujifunza, na ukivitenganisha unaelewa zaidi.

Cha kwanza ni kujifunza kwa yule mmoja. Koyoti aliyepigwa risasi akafa hajajifunza kitu. Aliyejifunza ni yule risasi ilimkosa, au yule aliyekuwa nyuma yake hatua hamsini akaona mwenzake akianguka. Kwa hivyo kila risasi inayokosa ni somo. Wanaojua kazi watakuambia koyoti aliyewahi kuponea haji moja kwa moja tena. Anazunguka hadi upande ambao upepo unamletea harufu, ananusa kwanza, na akipata harufu ya binadamu anapotea kimyakimya. Wewe umekaa hapo na spika yako ukidhani eneo halina koyoti.

Na tunajua huu ubongo una kasi gani. Mwaka wa 1955 John Garcia alionyesha kwamba panya akinywa maji matamu kisha akaugua, atayakataa hayo maji baadaye. Mwaka wa 1974 yeye, Carl Gustavson na wenzao walijaribu na koyoti waliofungiwa: wakawapa nyama ya kondoo iliyotiwa dawa ya kutapisha. Baada ya mara moja au mbili, koyoti hawakutaka kumgusa mwanakondoo, hata aliye hai mbele yao. Huko nje mashambani matokeo yalibishaniwa miaka mingi, lakini jambo la msingi halikubishaniwa: somo moja chungu linatosha.

Cha pili sio kujifunza kabisa, ni kuchujwa. Ukiita leo, atakayekuja mbio ni yule mwenye pupa. Unamuua. Mwaka ujao waliobaki ni wale waoga na wazito kutoka. Ukirudi na filimbi yako utaona hawaji, utasema wamejifunza. Hapana buda, wewe uliwaondoa waliokuwa wanakuja.

Cha tatu ndicho kinanipendeza zaidi: mzazi kumlea mtoto. Huko Millville, Utah, kuna kituo cha utafiti ambapo koyoti hufugwa. Christopher Schell na wenzake waliangalia majozi 8 yaliyozaa mara mbili, na mwaka wa 2018 wakachapisha walichokiona. Kwenye uzao wa kwanza wazazi walikuwa waoga karibu na binadamu, na watoto wao pia. Uzao wa pili, wazazi walikuwa wameshamzoea mtu anayeleta chakula, na watoto wao wakawa jasiri zaidi. Wazazi walewale, kituo kilekile, kilichobadilika ni kile mzazi alikuwa ameshapitia. Hapo ilikuwa ni ujasiri unapita. Sioni kwa nini woga nao usipite njia hiyohiyo.

Na sio koyoti peke yake. Afrika Kusini wafugaji wa kondoo waliwatega bweha kwa zilezile bunduki za saianidi kutoka Marekani. Mwaka wa 1997 watafiti Brand na Nel waliandika kuhusu bweha waliokuwa wakizikwepa. Silaha moja, mabara mawili, jibu lilelile.

Wale wanaokufa sio wale wanaokosea

Hapa ndio mimi huumia nikisoma hii historia.

Kaskazini mwa California, eneo la Hopland, Michael Jaeger, Ben Sacks, Karen Blejwas na wenzao walifuatilia koyoti kwenye shamba la kondoo miaka ya 1990. Waligundua kwamba waliokuwa wakiua kondoo kwa wingi ni jozi zinazozaa, wale wakubwa wenye eneo lao. Lakini mitego ya kawaida ilikuwa ikinasa zaidi vijana na wale wasio na mwenza. Yaani mhusika yuko nyumbani ameshiba, na anayelipa ni kijana aliyekuwa anapita.

Kwa nini wakubwa hawanaswi? Séquin na wenzake walichapisha jibu zuri mwaka wa 2003. Waliweka kamera zinazojipiga zenyewe porini. Koyoti wakuu wa eneo walionekana kwenye picha mara chache kuliko ilivyotarajiwa, na sio ndani ya eneo lao bali mpakani au nje. Sababu? Walikuwa wakiwafuata watafiti na kuwatazama wakifunga kamera. Hebu jiweke hapo. Umesomea wanyama miaka mingi, unafunga kamera yako kwa siri, kumbe kuna mwenye mtaa amekaa juu ya kilima anakuangalia.

Na hii inaingia akilini. Mtu yeyote anajua kwao. Kigari cha kanjo kikisimama mahali hakisimamagi, mwenye kibanda anakiona kabla hakijazima injini. Mgeni ndiye anashikwa. Koyoti akiwa kwake anajua kila jiwe, kwa hivyo kitu kipya kinampigia kelele. Akiwa ugenini, kila kitu ni kipya, hajui cha kuogopa.

Ndiyo maana pia vuli inapofika, filimbi hufanya kazi tena. Vijana wanaondoka kwa wazazi kutafuta maeneo yao, hawajui mahali, hawajawahi kusikia sungura wa plastiki. Kila mwaka kuna darasa jipya. Kwa hivyo mwindaji anayesema "hawajifunzi, jana nilipata watano" na yule anayesema "wote wamejanjaruka" wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli. Mmoja amekutana na vijana, mwingine na wazazi.

Hesabu iliyokataa

Mwaka wa 1972 Rais Nixon alizuia sumu hizo kwenye ardhi ya serikali kuu, na mwezi uliofuata shirika la mazingira, EPA, likafuta vibali vya striknini, 1080 na saianidi kwa kazi hiyo. Kufikia 1975 saianidi ilikuwa imeruhusiwa tena kwenye kifaa kinachoitwa M-44. Mwaka wa 2017, karibu na Pocatello, Idaho, kifaa kimoja cha aina hiyo kilimjeruhi mvulana wa miaka 14 na kumuua mbwa wake. Sumu haiulizi jina.

Mwaka huohuo wa 1975, Guy Connolly na William Longhurst walipiga hesabu: ukiua asilimia 75 ya koyoti wote kila mwaka, bila kupumzika, itakuchukua takriban miaka 50 kuwamaliza. Robo tatu, kila mwaka, nusu karne. Na hakuna aliyewahi kufikia hapo, juu wakipungua, waliobaki wanapata chakula zaidi, watoto wengi zaidi wanapona, na nafasi zilizoachwa zinachukuliwa na wapita njia.

Mwaka wa 2018 pekee, idara ya serikali inayofanya kazi hiyo, ambayo siku hizi inaitwa Wildlife Services, iliua zaidi ya koyoti 68,000. Baada ya zaidi ya miaka 100 ya vita, koyoti yuko kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii. Yuko Alaska, ameshafika Panama. Yuko Chicago, ambapo Stanley Gehrt amekuwa akiwafuatilia tangu mwaka wa 2000. Wa mjini wanatembea usiku zaidi kuliko wa mashambani, na wanaangalia magari kabla ya kuvuka barabara. Mwaka wa 2007 mmoja aliingia kwenye mkahawa wa Quiznos katikati ya Chicago na kulala ndani ya friji ya soda, watu wakimtazama.

Siandiki hivi nikimcheka mfugaji. Mtu akikuta kondoo wake watano wamekufa asubuhi, hiyo ni ada ya shule, hiyo ni deni. Hasira yake ni halali. Shida yangu ni serikali iliyochukua hiyo hasira ikaipa sumu, badala ya kuipa akili. Miaka yote hiyo swali lilikuwa "tutamuua vipi," na watu wachache sana, kama Murie, walilipwa kuuliza "anajua nini, na alijulia wapi?"

Na sisi hapa tusijifanye watakatifu. Tumeshaweka dawa ya wadudu kwenye mizoga kuua simba na fisi, na tai wakafa nao kwa sababu wote hula mezani pamoja. Mwaka wa 2015 simba wa lile kundi maarufu la Marsh huko Maasai Mara walilishwa sumu. Mara hiyohiyo, Joseph Ogutu na Holly Dublin walitumia sauti kwa njia tofauti kabisa: kuwaita simba na fisi ili wawahesabu, na utafiti wao ukachapishwa mwaka wa 1998. Mbinu ni ileile ya mwindaji, spika na subira. Tofauti ni swali ulilokuja nalo.

Kama unataka mfano wa kuuliza vizuri, mtafute Richard Turere wa Kitengela. Akiwa bado mtoto, kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe wa baba yake karibu na Mbuga ya Nairobi. Alijaribu moto, haukusaidia. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakaja, wakaiona, wakarudi. Siku ya pili wakagundua haisogei. Usiku mmoja, somo limekwisha. Hakukimbilia sumu. Alitambua kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea, akaunganisha balbu za tochi, betri na kifaa cha indiketa ya pikipiki, taa zikawa zinawaka kwa zamu kana kwamba kuna mtu anazunguka boma. Simba wakakaa mbali, na hakuna aliyekufa upande wowote.

Huyo kijana alikuwa amefanya kile maabara ya Denver haikufanya kwa miaka mingi: alikubali kwamba aliye upande wa pili wa ua pia anafikiria. Simba wanaweza kuzizoea hata hizo taa siku moja. Basi itabidi mtu aketi tena usiku, awaangalie, abuni kitu kingine. Mimi naona hiyo ni kazi, na ningependa vijana wengi zaidi walipwe kuifanya.